Muhuri Juu ya Sahihi

Saa nne kasorobo asubuhi Inspekta alitandaza barua mbili juu ya meza ya chumba cha mikutano cha halmashauri, akavuta kiti, akatoa mfukoni lenzi ya fundi saa. Lenzi hiyo ilikuwa ya marehemu baba yake, mtu aliyetengeneza saa za mji mzima kwa miaka thelathini na yeye mwenyewe hakuwahi kufika popote kwa wakati. Inspekta aliibana kwenye jicho la kulia, akainama.

"Unaona nini?" Mkuu wa kituo aliuliza. Alikuwa amesimama dirishani, kofia kwapani, mtu mwenye haraka zake.

"Bado naona karatasi, mkuu."

Barua zote mbili zilitoka, au tuseme zilidaiwa kutoka, kwa Meya wa mji wa ng'ambo, ule unaotazamana na huu kwa daraja moja na mageti mawili. Ya kwanza ilikuwa na umri wa miezi miwili. Ilisema mji wa ng'ambo unakubali kuwa mshirika katika mradi wa gari la wagonjwa litakaloruhusiwa kuvuka daraja bila kusimamishwa na mtu. Ya pili ilifika jana. Ilisema Meya hajawahi kusaini barua ya kwanza, hamjui aliyeitunga, na mji wake haumo. Mfuko wa Ushirikiano wa Mipakani, ambao ndio ulioombwa ufadhili, una sharti moja lisilobembelezwa: ombi liwe na washirika wawili, mmoja kila upande wa mpaka. Mmoja akijitoa, ombi linatupwa. Na maombi mwisho wake ulikuwa leo, saa kumi kamili jioni.

Mwakilishi wa Mfuko alikaa kichwani mwa meza, mama mwembamba mwenye miwani, sanduku la maombi miguuni pake. Alikuja kukusanya makabrasha, akakuta polisi.

Upande wa pili, peke yake, alikaa mwanamke aliyeliandika ombi lenyewe. Kazini walimwita Mama Viambatisho, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpelekea karatasi akaipokea bila kuuliza, "Na viambatisho viko wapi?" Mbele yake kulikuwa na karatasi ya tatu, imeshachapwa: anakiri kughushi barua ya ushirikiano, anaomba radhi, anaacha kazi kwa hiari yake. Pembeni ya karatasi kulikuwa na kalamu, na pembeni ya kalamu muhuri wa halmashauri na kidau chake cha wino. Akisaini, walimwambia, mambo yanaishia hapo hapo. Asiposaini, anatoka na pingu.

"Kalamu ipo hapo, mama," Mkuu alisema.

"Nimeiona. Macho yangu hayana shida."

Inspekta alihamisha lenzi kutoka barua ya pili kwenda ya kwanza, akairudisha, akaipeleka tena. Sahihi zilifanana, mihuri ilifanana, hata karatasi zilifanana. Lakini kitu kimoja hakikufanana, na alipokiona moyo ulimshuka, kwa sababu tangu asubuhi alikuwa ameshaanza kumpenda yule mama.

Angeweza kunyamaza. Hakunyamaza.

"Kwenye barua ya kujitoa," alisema, "wino wa muhuri umepita juu ya sahihi. Mtu alisaini, halafu muhuri ukagongwa. Kwenye barua ya ushirikiano ni kinyume. Muhuri uko chini, kalamu imepita juu yake. Muhuri uligongwa kwanza."

"Haya." Mkuu alivaa kofia. "Ofisi gani hapa duniani inagonga muhuri kwenye karatasi ambayo mkubwa hajasaini? Ni mwizi tu. Mtu kaiba karatasi tupu yenye muhuri, kachapa barua yake, kaiga sahihi juu. Kesi imekwisha. Mama, saini, tukale."

Mama Viambatisho hakuigusa kalamu. Alimtazama Mkuu moja kwa moja, mikono imelala mezani.

"Mimi mambo ya wino siyajui," alisema. "Najua barua hiyo nilikabidhiwa mkononi, kwenye masjala yao, mchana kweupe. Nimevuka daraja lile mara kumi na nne kwa ajili ya ombi hili. Mdogo wangu alifia kwenye geti, afande, akijifungua. Ndani ya gari la wagonjwa, injini inawaka. Dereva alikuwa na kila karatasi isipokuwa kibali cha gari kuvuka. Hospitali ya ng'ambo mnaijua, ukisimama getini unaona mpaka watu wanaopita mlangoni. Mtoto alitoka mzima. Ana miaka mitatu, ananiita mama. Kwa hiyo nifungeni mkitaka, lakini nisaini kwamba nilitunga, hapana. Sisaini ng'o."

Inspekta aliitoa lenzi jichoni. Alimgeukia Mwakilishi wa Mfuko.

"Meya mwenyewe hawezi kuulizwa?"

"Yuko hospitali, nje ya nchi, anapasuliwa leo. Simu yake imezimwa tangu juzi. Na swali rasmi kwa serikali ya ng'ambo linapitia wizarani, wiki tatu." Mwakilishi alivua miwani akaifuta. "Mimi nina barua mbili zenye sahihi moja, Inspekta. Sichukui neno la mdomo la mtu yeyote. Niletee kitu ninachoweza kukishika. Saa kumi kamili nafunga sanduku, saa kumi na dakika moja mimi ni abiria narudi kwangu."

"Mkuu, nipe mpaka saa kumi."

"Nakupa mpaka saa saba."

"Sanduku linafungwa saa kumi, mkuu. Mimi nitaanzia hapo kuhesabu."

Mkuu alimkazia macho. Inspekta alishawahi kupimana ubavu na wakubwa wake, na mara mbili kati ya tatu alikuwa amehamishwa kituo. Alikusanya lenzi yake, akaziacha barua mbili mikononi mwa Mwakilishi, akachukua nakala. Alipopita nyuma ya kiti cha Mama Viambatisho, mama yule alisema bila kugeuka, "Muulize Naibu ana ombi gani lingine kabatini."

*

Naibu Mkurugenzi, anayekaimu kwa kuwa bosi wake yuko likizo, alikuwa na ofisi ghorofa ya pili yenye ukuta uliojaa yeye mwenyewe. Vyeti vya semina, picha akipeana mikono na wageni, picha akikata utepe. Katikati kulikuwa na fremu ya mbao nyeusi: juu picha ya mama mzee aliyetabasamu kwa shida, chini yake barua fupi ya rambirambi yenye nembo ya mji wa ng'ambo. Fremu ilikuwa imeinama upande.

Inspekta hakuweza kuvumilia kitu kilichopinda. Alinyoosha mkono akaiweka sawa.

"Acha tu, dada yangu," Naibu alisema, akiinuka. "Usijisumbue. Kaa, kaa. Maji? Chai?"

"Maneno yatatosha." Inspekta alikaa, akafuta vidole kwenye sketi. Vilikuwa vimenata kidogo. "Barua ya jana ilifikaje?"

"Dereva kutoka ng'ambo aliileta mapokezi. Saa tatu hivi asubuhi."

"Nani aliipokea?"

"Dada wa mapokezi alikuwa ametoka kunywa chai. Nilikuwa napita, nikaipokea mimi. Nikaandika mwenyewe kwenye daftari la barua. Tunasaidiana hapa."

"Dereva anafananaje?"

"Dereva." Naibu alicheka. "Wote si wanafanana tu? Shati, kandambili. Sikujua nitaulizwa."

"Kuna ombi lingine kabatini, nasikia."

Hakushtuka hata kidogo. Alifungua kabati, akatoa kabrasha nene lenye jalada la kung'aa, akaliweka mezani kama mtu anayekuonyesha picha za harusi ya mwanawe. Ukumbi wa mikutano wa kimataifa, viti elfu moja, mshirika wake mji mwingine kabisa wa mpakani, mbali kule. Kila halmashauri, alieleza, inaruhusiwa kuongoza ombi moja tu. Kikao kilichagua gari la wagonjwa, kura sita kwa tano. Yeye aliheshimu.

"Na gari la wagonjwa likianguka leo?"

"Basi nitakuwa mzembe nisipowasilisha hili. Nafasi haiwezi kuachwa wazi." Alimwinamia. "Inspekta, huyu mama namhurumia. Amefiwa, kichwa hakijatulia, akaona Meya anachelewa kujibu, akajisaidia. Angekuja kwangu ningemshauri. Nimempa njia ya kutoka bila aibu. Mshawishi asaini."

Alikuwa na jibu la kila swali, na kila jibu lilikuja limepigwa pasi. Inspekta alifunga daftari lake. Sababu ya kufanya Naibu alikuwa nayo, nafasi ya kufanya alikuwa nayo, alijiandikia hata kwenye daftari la barua. Lakini wino ulimtetea, na wino ulimshitaki yule mama. Aliteremka ngazi akiwa na hasira na wino.

Mlangoni alikutana na Mkuu.

"Unaelekea wapi?"

"Ng'ambo."

"Huna mamlaka ng'ambo. Ukivuka na sare hiyo ni kesi ya kidiplomasia."

Inspekta alivua koti la sare, akalikunja, akamwekea mkononi. Ndani alikuwa na blauzi ya maua ambayo hakuna mtu kituoni aliyewahi kuiona.

"Naenda kununua sabuni, mkuu. Kila mtu hapa ananunua sabuni ng'ambo. Ni bei nafuu."

*

Kibali cha siku moja kilimchukua dakika arobaini kwenye geti la upande huu na dakika arobaini nyingine upande wa pili, na alipokuwa akisubiri foleni ya pili alitazama mbele akaona, juu ya ukuta, mlango wa hospitali na watu wakiingia na kutoka. Aliona hata rangi ya ndoo ya mfanyausafi. Alifikiria dakika arobaini ndani ya gari lenye injini inayowaka. Kuanzia hapo hakufikiria tena kuhamishwa kituo.

Masjala ya mji wa ng'ambo ilikuwa chumba cha chini chenye makabati ya chuma mpaka darini na mama mmoja mnene nyuma ya kaunta, ufunguo umening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Watu wa jengo lile walimwita Bi Mihuri, na yeye alilipokea jina hilo kama cheo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama ni cheti cha kuzaliwa, ghorofa ya kwanza."

Inspekta alijitambulisha alivyo, bila kuficha, kwamba ni polisi wa upande wa pili na kwamba hapo hana mamlaka hata ya kumkamata nzi. Bi Mihuri alimwangalia blauzi, akakubali. Alipoonyeshwa nakala mbili, alishika ile ya ushirikiano kwanza.

"Hii ni ya kwangu. Nilimkabidhi yule mama anayependa viambatisho. Mtu mzuri, ila anachosha." Akashika ya pili. Midomo yake ikasogea alipokuwa akisoma. "Hii sijaiona maishani. Haimo kwenye daftari langu, na barua haitoki jengo hili bila kupita hapa. Haipo."

"Wataniambia Meya aliiandikia nyumbani."

"Na muhuri je? Aliulaza chini ya mto?" Alipiga kifua pale ufunguo ulipolala. "Muhuri huu haujawahi kulala nje."

"Muhuri unachongwa mtaani, mama, kwa nusu saa. Nahitaji kitu cha kushika."

Hapo akaingia karani na barua iliyochapwa, akaiweka kaunta. Bi Mihuri alifungua droo kwa ule ufunguo, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akagonga chini ya barua, kwenye nafasi nyeupe. Karani akaichukua akageuka kuondoka.

"Hebu," Inspekta alisema. "Samahani. Hiyo barua haijasainiwa."

"Ndiyo anapelekewa mkubwa asaini."

"Umegonga muhuri kabla ya sahihi."

"Sasa nigonge lini?" Bi Mihuri alimshangaa kwelikweli. "Ninyi kule mnasaini halafu mnagonga?"

"Kila ofisi niliyowahi kuingia."

"Basi mnaibiwa. Na sisi tuliibiwa. Zamani mkubwa alisaini huko juu, karatasi ikateremka, na kwenye ngazi hizi hizi watu wakabadilisha ukurasa wa kwanza. Ikifika kwangu ina sahihi, nagonga, nimeshiriki wizi na sina habari. Meya huyu alipoingia akasema kuanzia leo mkono wa mwisho ni wake. Hasaini kitu ambacho bado kina safari. Muhuri kwanza, na sahihi yake inapita juu ya muhuri. Miaka minne sasa. Hata akiwa mgonjwa. Barua ya kumpongeza mwanawe kwa kufaulu mtihani aliileta kwanza igongwe."

Inspekta alishika ukingo wa kaunta. Wino ulikuwa umesema kweli tangu asubuhi, yeye ndiye aliyeusikia kinyume. Barua iliyoonekana ya kihuni ndiyo halali. Ile yenye adabu za upande wake, sahihi halafu muhuri, ilitengenezwa na mtu wa upande wake. Na si Mama Viambatisho, ambaye amevuka daraja mara kumi na nne na anakariri barua hizi kama sala. Ni mtu aliyesaini halafu akagonga maisha yake yote, mpaka mkono ukafanya bila kumuuliza.

"Mama, unaweka nakala za barua zinazokuja kwetu?"

"Mwanangu, naweka nakala za kila kitu."

"Za mwaka huu. Na dirisha."

Zilikuwa kumi na moja. Inspekta alibandika nakala ya barua ya kujitoa kwenye kioo cha dirisha, jua likiipenya kwa nyuma, akawa anaweka juu yake kila barua, sahihi juu ya sahihi. Ya kwanza mkia ulikuwa mrefu. Ya pili herufi ya mwanzo ilikuwa na tumbo. Ya tano Meya alikuwa na haraka. Mtu mmoja, mkono mmoja, na hakuna hata mbili zilizolingana, maana mtu hajiigi sawasawa mara mbili hata akijitahidi.

Ya tisa ililala. Ilizama juu ya ile ya chini mpaka zikawa mstari mmoja, pamoja na pale katikati ambapo kalamu ya Meya ilikwama kidogo ikaruka. Kukwama kule nako kulikuwepo kwenye barua ya kujitoa, mahali pale pale.

Inspekta alisoma alichoshika. *Nimepokea kwa majonzi habari za msiba wa mama yako mzazi.* Iliandikwa kwa Naibu Mkurugenzi, ikapelekwa nyumbani kwake.

"Ee," alisema kwa sauti ndogo. "Barua ya msiba wa mama yake."

Bi Mihuri alisogea akatazama. Alielewa bila kuelezwa.

"Niazime hii, mama. Saa mbili tu."

"Hapana."

"Kuna mtu atafungwa."

"Hata Meya akiitaka anaisomea hapa hapa. Karatasi yangu ikivuka daraja, kesho mtasema nimeichora mimi." Aliichukua nakala kutoka kwenye kioo, akairudisha kwenye jalada lake. "Mwenye barua anayo yenyewe. Mwambie aitoe."

Saa nane na robo. Inspekta alisimama katikati ya masjala, mikono mitupu, akiwa na hamu ya kumnyonga mtu mwaminifu kuliko wote aliokutana nao wiki hiyo. Kisha alisugua vidole vyake, gumba kwa cha shahada, akakumbuka vilivyonata ofisini kwa Naibu.

"Duka la sabuni liko wapi?" aliuliza.

*

Saa kumi kasoro dakika kumi na nane aliingia chumba cha mikutano akihema, akaweka mche wa sabuni juu ya meza. Wote walikuwepo. Naibu alikuwa ameshateremka na kabrasha lake linalong'aa, limelala mbele ya Mwakilishi. Karatasi ya kukiri ilikuwa bado iko pale pale, nafasi ya sahihi nyeupe. Mama Viambatisho alikuwa amekaa vile vile alivyomwacha. Hata maji hakunywa.

Inspekta alieleza kwa kifupi, amesimama, habari ya Bi Mihuri na muhuri unaotangulia, na sahihi zilizolingana dirishani.

"Hadithi nzuri," Naibu alisema. "Nakala hiyo iko wapi?"

"Imebaki ng'ambo."

"Imebaki ng'ambo." Alimgeukia Mwakilishi, akatandaza mikono. "Mama, si ulisema unataka kitu cha kushika?"

"Kipo," Inspekta alisema. "Kipo ghorofa ya pili, ukutani kwako, chini ya picha ya marehemu mama yako. Nenda kailete."

"Hiyo ni kumbukumbu ya familia," Naibu alisema. "Una kibali cha upekuzi?"

"Inspekta," Mkuu alisema. "Inatosha sasa. Kaa chini."

"Sikai, mkuu. Kesho nihamishe, nipeleke uendako upepo, nimeshazoea kufunga mizigo. Leo bado ni mpelelezi wa kesi hii na ofisi ile ni ya halmashauri, si ya familia." Alimtazama. "Nifuate, ushuhudie, au unizuie kwa mikono. Chagua haraka, kuna foleni."

Mkuu alitazama saa, akamtazama Naibu ambaye jasho lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo, akatazama mche wa sabuni. Alikuwa mtu mwenye haraka, hakuwa mjinga. Alitangulia yeye ngazini.

Walirudi na fremu. Inspekta aliigeuza juu ya meza. Nyuma yake, juu ya alama ya kahawia ya selotepu ya zamani, kulikuwa na selotepu mpya nyeupe, ukingo wake umenyanyuka, unanata.

"Nani aliifungua fremu hii karibuni?" aliuliza.

Aliibandua, akatoa barua ya rambirambi, hakuigusa picha. Kisha akampa Mwakilishi barua zote mbili, ya rambirambi na ya kujitoa, akamwonyesha dirisha.

"Fanya wewe. Usichukue neno langu."

Yule mama mwembamba aliinuka, akazilaza barua kwenye kioo, moja juu ya nyingine, akazisogeza polepole kwa ncha za vidole. Akaacha kusogeza. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Hata pale ilipokwama," alisema.

"Na ya rambirambi, muhuri uko chini au juu?"

Aliomba lenzi. Alitazama. "Uko chini."

"Na ya kujitoa?"

"Juu."

"Umekuwa na sahihi ya Meya usiku na mchana ukutani kwako," Inspekta alimwambia Naibu. "Uliifuatisha vizuri, mkono wako mwepesi. Ila ulipomaliza ulifanya ulichofanya miaka ishirini ofisini. Ukachukua muhuri ukagonga juu."

Naibu aliketi. Hakulia wala hakuomba radhi.

"Gari moja," alisema. "Mnaninyonga kwa ajili ya gari moja la wagonjwa. Ukumbi ule ungeuinua mji huu. Watu wangekuja kutoka kila mahali."

"Wangekuja," Mama Viambatisho alisema. Ndiyo mara ya kwanza kumtazama. "Wakiugua wangepita wapi? Na mama yako alikuwa akinikaribisha nyumbani kwenu. Barua ya msiba wake ndiyo umeitumia."

Naibu aliangalia sabuni. Mkuu alimgusa bega, akamwinua, na wakati huu hakutaja chakula.

Mwakilishi alirudisha kabrasha linalong'aa upande wa pili wa meza, akavuta lile la gari la wagonjwa, kuukuu, limefungwa kwa mpira. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika sita. "Na viambatisho?" aliuliza, bila kukusudia utani.

"Vyote," Mama Viambatisho alijibu. "Kumi na saba. Hesabu."

Alihesabu. Wakati akihesabu, Mama Viambatisho alichukua ile karatasi ya kukiri, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani. "Hii naondoka nayo. Kuna mtu nyumbani anapenda kuchora, na nyuma yake ni nyeupe."

Mwakilishi alijaza stakabadhi ya kupokea ombi, akaisukuma mbele yake pamoja na kalamu. "Saini hapo chini. Muhuri nitagonga nikifika ofisini."

Mama Viambatisho aliinua kalamu ambayo ilikuwa imemsubiri tangu asubuhi. Aliisoma stakabadhi yote, neno kwa neno, huku saa ya ukutani ikienda. Halafu akailaza kalamu chini.

"Hapana," alisema. "Gonga kwanza."

Mwakilishi alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa akifunga lenzi ya baba yake kwenye kitambaa, hakumsaidia. Basi yule mama mwembamba aliinama, akafungua sanduku, akatoa muhuri wa Mfuko na kidau, akagonga pale chini kwenye nafasi nyeupe.

Mama Viambatisho aliusubiri wino ukauke. Kisha akasaini juu yake.